Kumchukulia mwenzi wako mkopo wa gari nchini Kenya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mmoja ana hati ya mshahara na jina safi benki, mwenzake ndiye mwenye haja ya gari. Basi wanakubaliana: wewe kopa, mimi nitalipa. Majibu yafuatayo ni ya Kenya, na yanawahusu mume na mke, wachumba, na wale wanaoishi pamoja bila cheti cha ndoa. Mahali ambapo hali ya makundi haya inatofautiana tumetaja, maana tofauti hiyo hugharimu watu magari.

Je, inaruhusiwa kumchukulia mwenzangu mkopo wa gari?

Kukopa ili ununue gari litakaloendeshwa na mtu wa nyumbani kwako si kosa. Benki zinajua kwamba gari la baba huendeshwa na mama, na la mama na baba. Kosa linaingia pale fomu inapodanganya: umeandika kwamba gari ni lako la kwendea kazini Nairobi, kumbe linakwenda kwa mpenzi wako Nakuru akalifanyie teksi. Au umeandika kwamba marejesho yatatoka kwenye mshahara wako, huku mpango wenu ni kwamba wewe hutatoa hata shilingi.

Mikataba mingi ya mikopo ya magari ina kifungu kinachosema kwamba maelezo yakibainika kuwa ya uongo, mkopeshaji ana haki ya kudai salio lote kwa mkupuo. Ukifikia kughushi hati ya mshahara au taarifa ya benki, hapo umetoka kwenye mambo ya mkataba na kuingia kwenye jinai.

Kwa hiyo mwambie afisa wa mikopo ukweli mapema: nani ataendesha, gari litalala wapi, litafanya kazi gani. Mara nyingi jibu lake huwa ni kuwashauri mkope wote wawili, na hilo si jibu baya hata kidogo.

Tukishindwa kulipa, nani anadaiwa?

Aliyetia sahihi. Benki haikuwa sebuleni mlipokuwa mkikubaliana, na makubaliano yenu hayaifungi. Mwenzako akikosa kutuma pesa mwezi wa tatu, simu itakayolia ni yako, na jina litakalopelekwa kwenye mashirika ya taarifa za mikopo, yale tunayoyaita CRB, ni lako.

Mkopo ukipita siku 90 bila kulipwa huhesabiwa kuwa mbovu. Mkopeshaji anatakiwa kukupa notisi ya siku 30 kabla ya kupeleka taarifa mbaya CRB, na taarifa hiyo hukaa miaka 5 tangu siku ulipomaliza deni. Yaani unaweza kulipa kila kitu leo, gari halipo tena, mapenzi hayapo tena, na bado benki nyingine ikaiona alama hiyo ukiomba mkopo wa nyumba.

Logibuku itatoka kwa jina la nani?

Kwa mkopo wa kawaida wa benki, logibuku, yaani hati ya usajili wa gari, husajiliwa kwa majina mawili: la benki na la mkopaji. Jina la mwenzako halimo. Mkimaliza deni, benki huondoa jina lake kupitia mfumo wa NTSA, mamlaka inayosajili magari, kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na mwenye gari kwenye rejista anabaki wewe peke yako.

Hili lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Trafiki, kifungu cha 8, inasema mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake huchukuliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mwenzako aliyelipa kila mwezi kwa miaka minne anaweza kujikuta hana karatasi hata moja inayomtaja. Nawe uliyekopa unaweza kujikuta unaitwa mahakamani kwa ajali iliyotokea barabara ambayo hujawahi kuipita. Mpango huu unaweza kumuumiza yeyote kati yenu, kwa hiyo kila mmoja ana sababu ya kutaka mambo yaandikwe.

Kuna njia nyingine kuliko mimi kukopa peke yangu?

Zipo, na karibu zote ni bora. Tunazipanga kwa jinsi tunavyozipendelea.

*Mkopo wa pamoja.* Mnaomba wawili, kipato chenu kinajumlishwa, na nyote mnasaini. Sharti la kulielewa kabla ya kushika kalamu: benki inaweza kumdai mmoja wenu deni lote, si nusu. Hata hivyo, jina la mwenzako liko kwenye deni kama lilivyo lako, na mnaweza kuomba mapema kwamba majina yenu yote yaingie kwenye logibuku. Ulizeni kabla ofa haijaandikwa. Kubadilisha usajili katikati ya mkopo kunahitaji idhini ya benki, ada upya, na wiki za kufuatana na watu.

*Mwenzako akope, wewe uwe mdhamini.* Gari linakuwa lake, deni ni lake, ila akishindwa wewe unafuatwa. Udhamini si barua ya kumsifu mtu tabia. Ni ahadi ya kulipa, na ndiyo sababu sheria ya mikataba ya Kenya inataka uandikwe na kutiwa sahihi ndipo udaiwe mahakamani. Waombe waandike kikomo cha kiasi unachodhamini. Fomu ikisema unadhamini madeni yake yote kwa benki hiyo, ya leo na ya baadaye, usitie sahihi mpaka maneno hayo yabadilishwe.

*Mpe au mkopeshe malipo ya awali.* Mara nyingi mwenzako amenyimwa mkopo kwa sababu kiasi alichoomba ni kikubwa kwa kipato chake. Gari la milioni 1.5 likilipiwa 300,000 mwanzoni, anakopa milioni 1.2. Likilipiwa 600,000, anakopa 900,000, na ombi lililokataliwa huenda likapita. Wewe hasara yako ya juu kabisa ni zile pesa ulizotoa, nawe unazijua tangu mwanzo.

*Gari la bei ndogo zaidi.* Linasemwa mara chache kwa sababu halipendezi. Lakini kama mkopo unapatikana tu kwa kuazima jina la mtu mwingine, huenda gari lenyewe limezidi mfuko.

Mwenzangu yuko CRB. Si afadhali nikope mimi?

Kwanza mjue yuko CRB kwa nini. Mashirika yenye leseni ni TransUnion, Metropol na Creditinfo, na kila mtu ana haki ya ripoti moja ya bure kwa mwaka. Aichukue, muisome pamoja. Wengine wamekwama kwa deni dogo la mkopo wa simu walilolisahau, linalolipika leo. Wengine wana kosa la benki, deni lililolipwa ambalo halikusahihishwa, na hilo hupingwa kwa maandishi kwa shirika husika.

Lakini ripoti ikionyesha mikopo mitatu minne iliyoachwa njiani, hiyo ni habari kuhusu jinsi mtu anavyolipa, na itakuhusu wewe moja kwa moja mwezi wa kwanza wa marejesho. Benki imeona mashaka ikakataa, tena benki ina madalali na mawakili. Wewe huna.

Akikataa kabisa kukuonyesha ripoti yake, usikope.

Marejesho yatakuwa kiasi gani, na riba ya aina gani?

Uliza swali moja kabla ya yote: riba inakokotolewa kwa salio linalopungua, au kwa kiasi cha mwanzo mpaka mwisho? Tofauti yake ni hii. Chukua mkopo wa shilingi 1,200,000, riba asilimia 14 kwa mwaka, miezi 48.

Kwa salio linalopungua, rejesho ni karibu shilingi 32,800 kwa mwezi, na riba yote kwa miaka minne ni kama 374,000. Kwa riba isiyopungua, unatozwa asilimia 14 ya milioni 1.2 kila mwaka, yaani 168,000 mara nne, jumla 672,000. Rejesho linakuwa 39,000. Tangazo ni lile lile, asilimia 14, lakini hesabu ya pili ni sawa na kulipa karibu asilimia 24 kwa salio linalopungua.

Wakopeshaji wa mikopo ya haraka ya logibuku hutangaza riba kwa mwezi, na mara nyingi ni ya namna hii ya pili. Asilimia 3 kwa mwezi inasikika ndogo. Kwa mkopo wa milioni moja wa miezi 24 ni riba ya 720,000, na rejesho la karibu 71,700 kila mwezi.

Kisha pima mfuko wako, si wa mwenzako. Sheria ya Ajira ya 2007 inazuia makato ya mshahara kuzidi theluthi mbili, kwa hiyo anayelipwa 90,000 lazima abakiwe na 30,000 baada ya kodi, NSSF, SHIF, ada ya nyumba na mikopo yote inayokatwa kazini. Huo ndio ukingo wa sheria, na hakuna anayeishi vizuri ukingoni. Kipimo chetu ni kikali zaidi: kama huwezi kulilipa rejesho hilo peke yako kwa miezi sita bila kuuza kitu, usikope kwa jina lako.

Mbali na rejesho, kuna gharama gani?

Ada ya kushughulikia mkopo, ada ya mthamini anayekubalika na benki, traka (kifaa cha kufuatilia gari lilipo) na malipo yake ya kila mwaka, usajili wa majina ya pamoja, bima ya maisha ya mkopo, na bima kamili ya gari. Hii ya mwisho ndiyo nzito. Ukichukua asilimia 4 ya thamani kama makadirio ya kuanzia, gari la milioni 1.5 linahitaji 60,000 kwa mwaka, na benki haitakuruhusu kushuka kwenye bima ya mtu wa tatu mpaka deni liishe. Bima isipolipiwa upya, benki nyingi huilipa zenyewe na kuiongeza kwenye deni lako.

Kubalianeni mapema nani analipa bima. Wapenzi wengi hugawana rejesho tu, na mwaka wa pili bima inapofika kila mmoja anamtazama mwenzake.

Bima iandikwe vipi ikiwa mwenzangu ndiye mwendeshaji?

Iandikwe kwa jina la mwenye gari kwenye logibuku, benki ikitajwa kuwa na maslahi, na wakala aelezwe kwa maandishi nani anaendesha kila siku. Bima nyingi za magari binafsi nchini humfunika dereva yeyote mwenye leseni halali aliyeruhusiwa na mwenye gari. Lakini soma masharti ya umri na ya muda wa leseni. Dereva mchanga, au aliyepata leseni juzi, huongezewa kiasi cha kujilipia mwenyewe kabla bima haijatoa chochote.

Kinachoua madai zaidi ni matumizi. Gari limekatiwa bima ya binafsi, kumbe jioni linabeba abiria wa programu za teksi. Ajali ikitokea na abiria akiwa ndani, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa. Hapo gari limekwisha, bima hailipi, na deni liko palepale kwa jina lako. Mwenzako akitaka kufanya biashara ya teksi, bima ibadilishwe kabla ya safari ya kwanza, na benki iarifiwe.

Akisababisha ajali au akipigwa faini, inanihusu?

Inakuhusu. Majeruhi anayetafuta fidia humshtaki dereva pamoja na mwenye gari aliyesajiliwa, na anachoanza nacho wakili wake ni nakala ya rekodi za gari kutoka NTSA. Utalazimika kuajiri wakili na kueleza. Ndiyo maana bima isikatike hata siku moja: ya mtu wa tatu ni lazima kisheria chini ya sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, na yako kamili inaibeba ndani yake. Weka mfumo wa bima au wakala akukumbushe wewe tarehe, usimtegemee anayeendesha.

Tuandikiane mkataba? Uwe na nini?

Ndiyo. Msione haya. Ahadi za mume na mke ndani ya nyumba huchukuliwa na mahakama kuwa mambo ya kifamilia, si mkataba, isipokuwa kuwe na dalili wazi kwamba mlikusudia kufungana kisheria. Karatasi iliyoandikwa vizuri ndiyo dalili hiyo. Si lazima iwe ndefu. Inatosha iwe na haya:

Majina yenu kamili na namba za vitambulisho. Namba ya gari na namba ya chasisi. Jina la mkopeshaji, kiasi cha mkopo, rejesho la kila mwezi, tarehe ya kwanza na ya mwisho. Nani alitoa malipo ya awali na kiasi gani. Nani analipa rejesho, nani bima, nani matengenezo. Pesa zitatumwa siku gani na wapi. Gari ni la nani deni likiisha, na nani atalipia uhamisho.

Kisha sentensi ambayo wengi huiruka: nini kitatokea malipo yakichelewa. Kwa mfano, "Rejesho likichelewa kwa siku 14, Fulani atamkabidhi Fulani gari pamoja na funguo zote mbili, na mkopaji atakuwa huru kuliuza kwa idhini ya benki." Na sentensi ya kuachana: nani abaki na gari, na atamrudishia mwenzake nini.

Sainini mbele ya mashahidi wawili wasio ndugu wa karibu, ikiwezekana mbele ya wakili. Kila mmoja abaki na nakala halisi.

Malipo yapite kwenye M-Pesa au benki, kamwe si taslimu, na kila mara maelezo yataje gari. Rejesho liwe siku ya 5, pesa ya mwenzako ifike kabla ya siku ya 1. Siku nne hizo zitakuonyesha mapema kama kuna tatizo, kabla benki haijaligundua.

Tukiachana, gari linakwenda kwa nani?

Ikiwa mmefunga ndoa na gari lilinunuliwa ndani ya ndoa, Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 ndiyo inayotazamwa. Mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja hudhaniwa kwamba ameshikilia kwa niaba ya mwenzake pia, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Ikiwa kwa majina ya wote, hudhaniwa kuwa ya nusu kwa nusu. Mgawanyo hufuata mchango, na mchango si pesa tu: kulea watoto na kazi za nyumbani vinahesabiwa. Wanaodhani kila kitu hukatwa nusu moja kwa moja wasome uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Januari 2023, ambao ulisema wazi kwamba nusu kwa nusu si lazima. Kila upande uthibitishe mchango wake.

Sheria hiyo hiyo inasema deni lililochukuliwa wakati wa ndoa kwa manufaa ya ndoa hugawanywa sawa kati ya wanandoa. Hilo linakupa haki dhidi ya mwenzako. Halikupi kinga dhidi ya benki.

Kama hamjafunga ndoa, hali ni ngumu zaidi. Kuishi pamoja miaka mingi kunaweza kufanya mahakama ikadhani ndoa ipo, lakini Mahakama ya Juu, katika uamuzi mwingine wa mwezi huo huo, ilisema dhana hiyo itumike kwa nadra na kwa ushahidi mzito. Usiijengee matumaini. Kwa wapenzi wasio na cheti, mkataba ule wa maandishi na rekodi za M-Pesa ndivyo vitakavyosema.

Sisi ni Waislamu. Je, mambo yanabadilika?

Kidogo. Sheria ya Mali ya Wanandoa inawaruhusu Waislamu kufuata sheria ya Kiislamu katika mambo ya mali ya ndoa, ambapo mali ya mke ni yake na ya mume ni yake. Kwa msingi huo, gari lililo kwa jina la mume na kulipwa na mke ni mzozo unaosubiri siku yake. Andikianeni, tena mashahidi wawili mnawajua maana yao.

Wasiotaka riba hutumia murabaha. Benki inanunua gari kisha inakuuzia kwa bei iliyoongezwa faida inayojulikana, ukilipa kwa awamu. Bei haibadiliki katikati. Lakini deni ni la aliyesaini vilevile, na gari linaweza kuchukuliwa vilevile.

Naweza kumchukulia mkopo Sacco badala ya benki?

Wengi hufanya hivyo, kwa kuwa riba ni nafuu na Sacco hutoa hadi mara tatu ya akiba yako, kwa kawaida bila kushikilia gari. Logibuku inaweza hata kutoka moja kwa moja kwa jina la mwenzako. Tazama upande wa pili: dhamana yako ni akiba zako na wadhamini wako, yaani wafanyakazi wenzako. Mwenzako akiacha kulipa, hakuna gari la kunadi. Kinachokatwa ni mshahara wako, kisha akiba zako, kisha za mwalimu mwenzako au muuguzi mwenzako aliyekusainia wakati wa chai. Kama gari litasajiliwa kwa jina la mwenzako, weka haki yako kwenye gari hilo kwa maandishi na uisajili kwenye rejista ya dhamana za mali zinazohamishika, iliyoanzishwa na sheria ya 2017, ili lisiuzwe kimya kimya.

Ameacha kulipa, na gari liko naye. Nifanye nini?

Lipa rejesho la mwezi huo kwanza ukiweza, hata kama moyo unakataa. Unalinda jina lako, si lake.

Halafu mwandikie ujumbe, usimpigie tu simu. Taja kiasi, tarehe, na siku ya mwisho. Ujumbe huo ni ushahidi.

Nenda benki kabla ya siku 90 kufika. Omba kupangiwa upya marejesho au kupunguziwa kwa muda. Ukiwahi wiki ya pili unaongea na afisa wa mikopo. Ukichelewa mpaka mwezi wa nne unaongea na idara ya kukusanya madeni, na milango imepungua.

Omba gari lirudishwe kwa maandishi. Usilichukue kwa nguvu, usiende na vijana usiku. Kama traka ni ya benki, kampuni ya traka hupokea amri kutoka benki, kwa hiyo usitegemee kulizima gari kwa simu yako.

Akikataa, una njia mbili. Madai ya pesa ya hadi shilingi milioni 1 yanaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, ambayo inatakiwa kuamua ndani ya siku 60 na ambako unaweza kujisimamia bila wakili. Njia ya pili ni kukubaliana na benki gari liuzwe.

Kulitangaza gari limeibwa wakati ulimpa funguo mwenyewe ni kudanganya polisi. Watu wenye hasira hulifikiria. Usilifanye.

Dalali akija kulichukua, tuna haki gani?

Muulize leseni, kitambulisho na barua ya maagizo ya mkopeshaji, na andika orodha ya vitu vilivyomo ndani ya gari kabla halijaondoka. Kabla gari halijauzwa, bado mna haki ya kulikomboa kwa kulipa kinachodaiwa pamoja na gharama. Gharama za dalali na za mahali linapoegeshwa huongezeka kila siku, kwa hiyo siku tatu za mwanzo ndizo za thamani.

Gari likiuzwa kwa bei isiyotosha, pengo linabaki kwako. Deni ni 900,000, gari limenadiwa 650,000, unaendelea kudaiwa 250,000 na gharama juu yake, bila gari. Likizidi, ziada ni yako. Dai hesabu kwa maandishi. Na kwa mikopo ya benki, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinaweka ukomo: riba iliyolimbikizwa baada ya mkopo kuharibika haiwezi kuzidi kiasi cha mkopo kilichokuwa kikidaiwa siku ulipoharibika.

Tunaweza kuhamisha mkopo uende kwa jina lake?

Kwa nadra. Benki huliona kama ombi jipya: yeye anaomba mkopo wake, unalipa wako, kisha gari linahamishwa. Kama kipato chake kimeimarika tangu mlipoanza, hii ndiyo suluhisho safi kuliko yote, hasa mkiachana kwa amani. Omba kwanza benki taarifa ya kiasi cha kumaliza mkopo, yenye tarehe ya mwisho ya matumizi, kwa kuwa riba huongezeka kila siku.

Na tukiamua kuliuza kabla deni halijaisha?

Mnunuzi alipe moja kwa moja benki sehemu ya deni, na iliyobaki akulipe wewe. Mnunuzi mwenye akili hatakubali vinginevyo, kwani akifanya utafutaji wa rekodi atakuta jina la benki. Kuuza kwa "makubaliano ya mdomo, utaendelea kulipa wewe" ni kuongeza mtu wa tatu kwenye tatizo ambalo lilishawashinda watu wawili.

Mmoja wetu akifariki?

Akifariki mkopaji, bima ya maisha ya mkopo humaliza salio ikiwa ilikuwa hai na masharti yalitimizwa. Familia ipeleke cheti cha kifo benki mapema. Gari, kwa kuwa liko kwa jina la marehemu, linaingia kwenye mirathi. Mke au mume ana nafasi yake kisheria. Mpenzi aliyelipa marejesho yote lakini hana cheti wala mkataba anaweza kupokonywa funguo matangani.

Akifariki mwenzako aliyekuwa akilipa, deni linaendelea kama kawaida, kwa sababu bima ya mkopo ilikuwa juu ya maisha yako, si yake. Kama yeye ndiye mlipaji halisi, naye awe na bima ya maisha inayokutaja.

Niko ng'ambo, nataka kumnunulia mwenzangu gari nyumbani.

Benki kadhaa zina akaunti za Wakenya walio nje na hukubali hati za mshahara za huko. Tuma malipo ya awali kwa muuzaji au benki moja kwa moja, si kwenye simu ya mtu. PIN yako ya KRA na akaunti yako ya eCitizen viwe mikononi mwako, kwani anayeshika nywila ya eCitizen yako anaweza kuanzisha uhamisho wa gari. Ukimpa mtu mamlaka ya kukusainia, hati ya uwakilishi itaje gari hilo moja na kazi hiyo moja.

Ananisukuma nikope, na naogopa kukataa.

Kumlazimisha mtu kukopa, kumtishia kumwacha au kumpiga asiposaini, au kumnyang'anya mshahara, ni unyanyasaji. Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Majumbani ya 2015 inautambua unyanyasaji wa kiuchumi, na haiwahusu wanandoa peke yao: wachumba na watu walioishi nyumba moja wamo. Mahakama inaweza kutoa amri ya kukukinga.

Kama bado uko kwenye hatua ya fomu, una njia rahisi. Mwombe afisa wa mikopo azungumze nawe peke yako, na umwambie hutaki mkopo huu. Ombi ambalo hujalisaini haliwezi kuendelea. Ukishasaini lakini pesa hazijalipwa kwa muuzaji, piga simu benki siku hiyo hiyo, kisha uandike barua pepe ya kusitisha. Pesa zikishafika kwa muuzaji, unachobakiwa nacho ni kulipa, kuuza, au kwenda mahakamani.